Paka Mzee Anapoacha Kujisaidia Mahali Pake

Somo la Tahara na Malezi ya Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba zake.



Tulipokuwa tukisoma mlango wa najisi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Ustadh, paka wetu amezeeka. Zamani alikuwa anatoka kwenda kujisaidia kwenye migomba. Siku hizi anakojoa ndani, na juzi amekojoa kwenye mswala wa bibi. Baba anasema atamtia kwenye kiroba akamwache sokoni. Je, mswala utupwe? Na paka je?" Wenzake walicheka. Lakini ndani ya swali lile mna mas'ala mawili, moja la fiq-hi na moja la amana, na nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo zinayo yote mawili. La kwanza jibu lake ni fupi, kwa hiyo tuanze nalo.

MSWALA HAUTUPWI

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wamezigawa najisi katika mafungu matatu. Kuna najisi nzito, nayo ni ya mbwa na nguruwe, ambayo huoshwa mara 7, moja kati ya hizo ikiwa kwa maji yenye udongo. Kuna najisi hafifu, nayo ni mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka 2 na hajala chakula kingine isipokuwa maziwa. Na kuna najisi ya kati na kati, ambayo ni zote zilizobaki. Mkojo wa paka na mavi yake vimo katika fungu hili la tatu. Kwa hiyo wanaoosha mara 7 kwa udongo kwa ajili ya paka wanajitaabisha kwa jambo ambalo hawakuamrishwa.

Hapa wanafunzi huchanganya. Wamesoma Hadithi ya Kabsha bint Ka'b, aliyemmiminia Abu Qatada (r.a.) maji ya udhu, akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo ili paka anywe. Kabsha alipostaajabu, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwa sababu ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii wameipokea Imamu Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Lakini inazungumzia mwili wa paka na maji aliyoyanywa. Haisemi kwamba mkojo wake ni twahara. Maji aliyonywa paka unatawadhia. Mswala aliokojolea unauosha kwanza.

Namna ya kuosha ni hii. Ondoa kwanza mavi, au ufyonze mkojo kwa kitambaa kikuukuu, kisha umimine maji mpaka iondoke ladha, rangi na harufu. Ikiwa umesugua ukajitahidi na ikabaki rangi peke yake au harufu peke yake, basi hiyo imesamehewa. Mkojo ukiwa umekauka na hauna alama yoyote, kuyapitisha maji mara moja juu ya mahali pake kunatosha.

Angalia sana neno "mimina". Watoto wetu wengi huuchukua mswala wakauchovya kwenye beseni la maji. Maji machache, yaani yaliyo chini ya qullatayni, yakiingiwa na najisi hunajisika hapo hapo, na mswala utatoka beseni umeenea najisi pande zote. Weka mswala ndani ya beseni tupu au uutundike kwenye kamba, halafu maji yatoke juu yaujie. Sabuni itumike mwanzo, na maji safi yawe ya mwisho.

Sakafu ya udongo ina wepesi zaidi. Bedui alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina, Mtume (s.a.w.) aliwazuia Maswahaba wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Maji yakiuzidi mkojo na yakanywewa na ardhi, pametwaharika. Sakafu ya saruji ifutwe kwanza, kisha imiminiwe maji na kukaushwa. Godoro halikamuliki, kwa hiyo umiminie maji mahali penyewe, ukandamize yapenye, kisha ulianike juani. Na nywele chache za paka zinazoganda kwenye kanzu zimesamehewa, asijitie mtu wasiwasi.

Mas'ala moja kabla hatujaendelea: aliyeswali kisha akagundua baadaye kuwa mahali alipowekea paji la uso palikuwa na mkojo, maulamaa wamekhitilafiana. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba atairudia Swala yake. Kwa hiyo mswala ukunjwe na kutundikwa kila baada ya Swala, hasa penye paka mgonjwa.

KWA NINI ANAFANYA HIVYO?

Sasa mas'ala ya pili, ambalo ni zito. Wengi husema paka amekosa adabu, au amefanya kisasi, au "ameharibika". Paka hajui kisasi cha namna hiyo. Asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa nchi kavu za Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, na tabia ya kufukia uchafu wake mchangani amezaliwa nayo. Mnyama aliyefukia mavi yake kwa miaka 10 bila kufundishwa na mtu, akiacha ghafla, basi kuna jambo limemzuia. Kazi yetu ni kulitafuta.

Paka akifikisha miaka 11 au 12 ni mzee. Akifika 15, madaktari humlinganisha na mtu aliyevuka miaka 70. Mwaka 2002 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walionekana wana maradhi ya viungo. Tafakari hilo, ndugu mwanafunzi. Babu yako akiumwa magoti unamwekea ndoo ya maji karibu. Paka naye anaumwa magoti, na njia yake ya kutokea ni dirisha lenye urefu wa mita moja na nusu.

Tena nyumba zetu zimebadilika. Zamani paka alipita juu ya ukuta, chini ya paa, akatoka apendapo. Leo tumeweka dari, madirisha yana nyavu za mbu, na mlango unafungwa mapema kwa kuogopa wezi. Paka kijana alikuwa akivumilia mpaka alfajiri. Mzee havumilii. Juu ya hayo kuna mvua za Oktoba hadi Disemba na za Machi hadi Mei, na baridi ya vilima vya Ngara wakati wa usiku, na dume la jirani linalomvizia kwenye migomba. Hata Ramadhani humchanganya: watu wanakula usiku, wageni wanaingia, jiko linawashwa saa 10 alfajiri, na kona yake ya utulivu haipo tena.

Lakini kabla ya kulaumu mvua au mlango, muangalie kama ni mgonjwa. Paka anayechuchumaa mara kwa mara akatoa matone tu, au akalia, au mkojo ukawa na damu, ana maumivu katika kibofu. Yeye huyahusisha maumivu yale na mahali alipokuwa, akapahama, ndiyo maana utamkuta anajaribu penye baridi kama sakafu au penye ulaini kama mswala na kitanda. Paka anayekunywa maji mengi kuliko kawaida huku anakonda, mara nyingi figo zimechoka, au ana kisukari, au tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Huyu mkojo wake ni mwingi mno kiasi kwamba hawahi kufika nje. Mavi makavu kama mawe ni dalili ya kufunga choo. Anayejigonga kwenye viti huenda macho yameingia giza, na anayezunguka usiku akilia kama aliyepotea, akili yake imezeeka kama inavyotokea kwa wazee wetu.

Liko jambo moja lisilongoja. Paka dume akichuchumaa tena na tena na kisitoke kitu, njia ya mkojo imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Huyo atafutiwe daktari wa mifugo siku ile ile, wala asingojewe mpaka Jumatatu.

Na mtofautishe anayekojoa na anayenyunyiza. Anayekojoa huchuchumaa, na mkojo hukaa chini. Dume asiyehasiwa husimama, mkia juu unatetemeka, akanyunyiza ukutani kuweka mipaka yake. Hiyo si maradhi ya uzee. Ama kumhasi paka, maulamaa wamekhitilafiana, wako waliokataza na wako waliojuzisha panapokuwa na maslaha. Muulizeni sheikh wenu.

DAWA ZINAZOUA

Mwiteni afisa mifugo wa kata. Wengine huona haya kumwita kwa ajili ya paka, kana kwamba kazi yake ni ng'ombe na mbuzi tu. Mwelezeni paka ana umri gani, anakunywa maji kiasi gani, amekojoa mara ngapi tangu jana. Maelezo hayo yatamsaidia kuliko kumwambia "paka anachafua nyumba".

Msimpe dawa za watu. Panadol ni sumu kwa paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Msimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe na viroboto. Nyingi zina permethrini au sipermethrini, ambazo ng'ombe huzistahimili na paka humtia mtetemeko mpaka kufa. Wala msimwage mafuta ya taa au pilipili mahali alipokojoa ili asirudi. Atapakanyaga, atalamba nyayo zake, na mtakuwa mmemnywesha.

SANDUKU LA MCHANGA

Paka asiyeweza kuifuata ardhi, ardhi iletwe kwake. Wala hili si jambo la Wazungu wenye fedha. Hata huko Marekani watu walikuwa wakitumia mchanga na majivu kwenye visanduku mpaka mwaka 1947, alipotokea mfanyabiashara Edward Lowe akaanza kuwauzia chembe za udongo mkavu badala yake. Sisi mchanga tunao.

Fundi seremala atakupigia sanduku la mbao lenye urefu wa kama sentimita 60 na upana 40, ndani ukatandika kipande cha turubai. Beseni pana lililopasuka ukingo linafaa pia. Wengi hukata dumu la lita 20, lakini dumu ni jembamba. Paka mkubwa hawezi kugeuka ndani yake, na akishindwa kugeuka atatoka. Upande mmoja wa sanduku uwe mfupi sana, sentimita 7 au 8 tu, ili mwenye magoti mabovu aingie bila kuruka. Hilo ndilo linalosahauliwa, kisha watu husema "tulimwekea akalikataa".

Tia mchanga mkavu uliochekechwa, au udongo laini, au maranda kutoka kwa seremala, kina cha sentimita 3 hadi 5. Majivu yapoe kabisa kabla hujayatumia, na yawe machache yaliyochanganywa na mchanga. Majivu matupu yakilowa huchoma ngozi ya nyayo, na mtayaona yametembea mpaka sebuleni. Kama paka alizoea udongo wa kwenye migomba, mchukulieni udongo ule ule.

Sanduku liwekwe karibu na anapolala, mbali na sahani yake ya chakula, mahali pasipopita watu kila saa. Si nyuma ya mlango unaompiga kila ukifunguliwa. Usiku mahali pawe na njia wazi. Kama paka ni wawili, masanduku yawe matatu, maana mwenye nguvu humzuia mnyonge. Paka akiwa amejichagulia kona, usishindane naye: weka sanduku kwenye kona ile ile, na akishalizoea ndipo ulisogeze hatua moja kila siku mpaka unapotaka. Chukua kitambaa ulichofutia mkojo wake ukiguse kwenye mchanga, atajua ni pake. Mahali ambapo hutaki kabisa arudi, weka sahani ya chakula chake. Paka hapendi kuchafua anapolia.

Wengine hukamata paka wakamsugua pua kwenye mkojo, au wakampiga kandambili. Paka haelewi kwamba anapigwa kwa ajili ya jambo la saa moja iliyopita. Anachoelewa ni kwamba wewe ni wa kuogopwa, na kuanzia hapo atakojoa chini ya kitanda usipomuona.

Mavi yaondolewe kila siku, na mchanga wote ubadilishwe kila wiki. Sanduku lioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Dawa kali zenye harufu humfukuza, na Jik ikikutana na mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu, kwa hiyo msizichanganye. Kwa harufu iliyoganda sakafuni, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inasaidia, kisha mmiminie maji safi ya kutwaharisha. Mradi harufu ipo, hata kama pua yako haiisikii, yake inaisikia na inamrudisha.

Mama mjamzito asifanye kazi hii. Katika mavi ya paka aliyeambukizwa vijidudu vya toksoplasma mnaweza kuwamo mayai yanayodhuru mtoto tumboni. Mayai hayo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo faida nyingine ya kuondoa mavi kila siku. Yatupwe kwenye choo cha shimo au yafukiwe mbali, yasitiwe kwenye bustani ya mchicha. Mikono inawiwe kwa sabuni. Ndugu zetu wa Biharamulo, walioishi na tahadhari ya ugonjwa wa Marburg kuanzia Januari hadi Machi 2025, hawahitaji kufundishwa kunawa. Wasiichanganye tu habari ile na hii: Marburg asili yake ni popo wala matunda, si paka. La kuogopa kwa paka ni kichaa. Paka aliyebadilika ghafla akawa mkali, anang'ata ovyo na kutoka mate, msimshike. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Chakula nacho kina nafasi yake. Ugali mkavu na dagaa wakavu humzidishia mzee ukavu wa choo na mzigo wa figo. Mlainishieni ugali kwa maji ya dagaa waliochemshwa bila chumvi na bila kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Maji safi yawepo muda wote. Mwenye figo mbovu asinyimwe maji eti asikojoe. Kumnyima ni kumuua.

JE, KUMWACHA SOKONI NI KUMWACHIA HURU?

Wapo wanaosema: "Sikumuua, nimemwachia huru, atajitafutia riziki." Hoja hii tuipime kwa Hadithi mashuhuri ya Abdullah bin Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Mtume (s.a.w.) alieleza kosa lake kwa pande mbili: hakumlisha, wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili za kuokoka, ama kumlisha, ama kumwacha ajilishe mwenyewe.

Paka kijana njia zote mbili ziko wazi kwake. Lakini paka wa miaka 14, asiye na meno, magoti yamekaza na jicho moja limeingia ukungu, hakamati panya. Ukimshusha katika soko asilolijua, lenye mbwa na pikipiki, njia ya pili umeifunga kwa mkono wako, na ya kwanza umeifunga ulipogeuza mgongo. Kamba haipo, lakini amefungwa. Hivi ndivyo nionavyo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Sheria ya nchi pia, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008, inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza.

Kuhusu visa vinavyosimuliwa juu ya paka, tuwe waangalifu. Kile cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, na maneno kwamba kupenda paka ni katika imani, maulamaa wa Hadithi wameyahesabu kuwa ya kubuni. Hatuna haja nayo. Tunazo zilizo sahihi, na mmojawapo wa wapokezi wake wakubwa ni Abu Hurayra (r.a.), ambaye jina hilo amelipata kwa sababu ya kipaka chake.

MASWALI YA KUJIPIMA

Majibu yaandikwe kwenye daftari na yaletwe darasani. Mzazi anaruhusiwa kusaidia.

1. Paka amekojoa kwenye kona ya mkeka. Mkojo umekauka, hauna rangi wala harufu. Utautwaharisha vipi?

2. Dada amechovya mswala wenye mkojo ndani ya beseni la lita 10. Ni ipi hukumu ya maji yale, na afanye nini sasa?

3. Pima kwa rula dirisha au mlango anaotumia paka wenu. Anaruka sentimita ngapi? Je, ataweza akiwa na miaka 13?

4. Paka dume wa miaka 9 amechuchumaa mara 6 tangu asubuhi na hajatoa hata tone. Ni Ijumaa, saa 10 jioni. Nani atafutwe, na lini?

Wabillahi tawfiq.